Mialoni Miwili ya Barabara ya Stesheni

Jumamosi, 2 Januari 1926

Joto la kuunguza. Nimepeleka madebe mawili ya maji kwenye mti wa Arch kama kila Jumamosi, na Arch mwenyewe amebaki barazani akisoma gazeti la wiki iliyopita. Nilimwuliza kama haoni haya dada yake kumbebea maji. Akasema mti ule hakuuomba.

Ni kweli hakuuomba. Ulipandwa Agosti ya mwaka 1917, yeye akiwa bado Ulaya vitani, siku mji wetu mzima wa Murrawee ulipotoka na majembe kupanda mwaloni mmoja kwa kila kijana wetu aliyejiandikisha jeshini, aliye hai na aliyekwisha kufa. Mama alishika shina, mimi nikarudishia udongo. Kamati ya mji ilichagua mialoni kwa sababu Uingereza kuna mialoni. Uingereza kuna mvua pia, lakini hilo halikujadiliwa.

Jumanne, 5 Januari

Upepo wa vumbi. Sikufungua dirisha siku nzima na bado mkate una mchanga.

Jumamosi, 9 Januari

Leo nimekutana na Bi Tindale pale kwenye miti. Sisi wengine tunakwenda Jumamosi tu, yeye huenda kila siku, na toroli lake lenye debe moja, kwa sababu nyonga yake haiwezi mawili. Macho yake yamejaa ukungu. Anapofika hupapasa kibao cha shaba kilichopigiliwa kwenye uzio wa mti, anasoma jina la mwanawe kwa vidole, ndipo anamwaga.

Perce alikuwa mtoto wake wa pekee. Yeye na Arch walijiandikisha siku moja, ndiyo maana miti yao imepandwa ubavu kwa ubavu. Perce alikufa vitani Passchendaele miezi miwili baada ya mti wake kupandwa, na mwili haukuonekana. Kina mama wengine wana angalau picha ya msalaba wenye namba. Bi Tindale ana mwaloni.

Na mwaloni wenyewe ni mgonjwa. Majani yamejikunja na kuwa ya kahawia mpaka juu, wakati wa Arch, hatua chache tu kando, umenawiri kama unakunywa mtoni. Niliona aibu kwa afya yake.

"Wako ukoje, Myrtle?" akaniuliza.

"Unajikongoja tu, Bi Tindale," nikadanganya.

Norm Petch alikuwa akipita na gari la maji la mji, lile la farasi wawili. Norm aliacha mguu Ufaransa, sasa ana wa mti. "Nimekuja kumwona ndugu wa mguu wangu," akasema, akaurushia mwaloni wake ndoo ya maji. "Wewe unakua, huyu hapa chini ameshindwa." Bi Tindale alicheka mpaka akashika toroli.

Jumatano, 20 Januari

Mkutano wa kamati, nami nikamimina chai. Bwana Crouch wa duka la nguo ndiye mwenyekiti, mtu mwenye kifua kibovu ambaye hakwenda vitani na tangu hapo hajapumzika kuvipenda. Ametangaza kwamba tarehe ishirini na tano Aprili, Siku ya Anzac ya kuwakumbuka askari wetu, jenerali mmoja atakuja kutoka Melbourne, na atatembea kwa miguu kati ya miti yetu tangu stesheni hadi ukumbini.

"Kwa hiyo mti wowote utakaokuwa mkavu utang'olewa Alhamisi kabla ya siku hiyo," akasema. "Mti mkavu unaaibisha mji."

"Unaaibisha mji au unaaibisha kamati?" akauliza Norm.

"Norman, tafadhali."

"Nauliza tu. Maana tungepanda mikaratusi yetu ya hapahapa, leo tungekuwa tunazungumzia jenerali atakula nini."

Hakuna aliyetaja jina, ila wote tulikuwa tunaufikiria mti mmoja. Nilimwambia Arch wakati wa chakula. Aliweka uma chini.

"Watamng'oa Perce?"

"Wataung'oa mti wa Perce."

Akaniangalia kama mtu niliyemwambia kitu kilekile mara mbili, akaondoka mezani. Nyama ya kondoo ikabaki. Sijui kwa nini anajali leo, ilhali miaka yote hii hajawahi kukanyaga pale na tone la maji. Kaka yangu huyu nimekaa naye nyumba moja tangu arudi, na bado simjui.

Jumatano, 3 Februari

Mbio za farasi. Mji wote tulikwenda, isipokuwa Arch aliyesema kichwa kinamuuma. Jua la leo lingemuuma hata mzima.

Jumamosi, 6 Februari

Nikae niandike vizuri, maana nadhani nimeona jambo la ajabu au nimepigwa na jua.

Nimekwenda na madebe yangu mpaka kwenye mti wa Arch, miguu yenyewe inajua njia. Nikamwaga debe la kwanza. Nilipoinuka nikaona kibao. Kimeandikwa P. J. TINDALE. Nikaenda kwenye ule mgonjwa. A. DACEY, yaani Arch wetu.

Nilisimama pale nikijisemea kama kichaa. Mti niliopanda na mama uko upande wa stesheni, karibu na nguzo ya simu, wala hauhami. Nikavitazama vibao kwa karibu. Shaba imekwaruzwa kwenye matundu na mikwaruzo inang'aa, mipya. Skrubu moja ya kibao cha Arch haipo kabisa, na mahali pake mtu amekaza kwa msumari.

Nani? Sikumwambia mtu. Nataka nijue mwenyewe kwanza.

Jumatatu, 8 Februari

Nafikiria Crouch. Lakini Crouch hawezi kushika bisibisi bila kuitisha mkutano.

Jumamosi, 13 Februari

Nimemvizia Bi Tindale, na sioni fahari kuandika hivyo. Nilijifanya nafunga kiatu ng'ambo ya barabara. Alikuja na toroli, akapapasa kibao cha mti mgonjwa, mkono wake ukatulia juu ya jina la Arch. Akasogea mpaka mti mzima. Akapapasa jina la Perce, akainua debe, akamwaga maji yote pale, taratibu, bila wasiwasi wowote. Halafu akaligonga shina kwa kiganja kama mtu anayemuaga mgeni.

Basi ni yeye. Kikongwe mwenye nyonga mbovu ametuibia mti. Nilirudi nyumbani damu ikinichemka. Mama yangu alishika shina lile. Halafu nikiwa jikoni nikafikiri: na mimi ningekuwa na mwana mmoja asiye na kaburi, na Crouch anakuja na mnyororo wake wa kung'olea, ningefanya nini? Nadhani ningeiba hata kanisa. Sitasema neno. Lakini sitampelekea jamu ya aprikoti mwaka huu.

Ijumaa, 19 Februari

Habari zimeenea kwamba mwaloni wa Tindale umefufuka na wa Dacey unakufa. Watu hawakumbuki upi ulikuwa upi, wanasoma kibao tu. Wengine wananipa pole kwa sauti ya chini, kwa kuwa hapa watu wanaamini mti na mwenyewe ni kitu kimoja, ingawa hakuna anayekubali kwamba anaamini.

Norm alimkuta Arch mbele ya posta. "Bwana we, naona umekufa."

"Ndivyo nilivyosikia," Arch akajibu.

"Umeacha chochote kwa marafiki?"

Arch akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Krismasi, na badala ya kufurahi niliingiwa na baridi.

Jumatano, 24 Februari

Hakuna kitu. Joto.

Jumamosi, 6 Machi

Ninagawa maji yangu, debe moja kwenye mti wenye jina la Arch na moja kwenye mti wa Arch. Ule wenye jina umekufa. Nilikwangua gome kwa ukucha, ndani ni kavu na rangi ya majivu. Najua ni mti tu. Nilikwangua sehemu tatu.

Jumatatu, 15 Machi

Siku ya kufua. Katika mfuko wa kizibao cha Arch nimekuta skrubu ya shaba.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa muda mrefu. Nimemsingizia yule mama mwezi mzima, moyoni mwangu na kwa jamu. Mchana nilipopakua chakula nikaiweka skrubu kwenye sahani yake, kando ya viazi, nikaketi.

Aliiangalia. "Niliitafuta palepale nikaikosa. Kumbe ilikuwa mfukoni."

"Kwa nini, Arch?"

"Ili wasimng'oe."

"Na wewe?"

"Mimi nipo, sihitaji mti." Alisema hivyo kwa sauti ambayo sikuipenda.

Nikamwambia sijaelewa, na safari hii sitoki mezani mpaka nielewe. Nadhani alichoka. Alianza kusema huku akiikata nyama vipande vidogo asivyokula. Naandika kama alivyosema, kwa kuwa sidhani atayasema tena.

"Barua ya mama ilitufikia tukiwa vitani karibu na Ypres. Ile ya kusema mmetupandia miti. Perce alicheka siku mbili. Akasema, Arch, sisi tunalala kwenye matope, na kule wanabeba maji kumwagilia majina yetu. Tukawekeana dau la bia, mti wa nani utakuwa mrefu. Yeye alisema wake, maana mama yake hajui kuacha kitu kife.

"Halafu mvua ikaanza. Wewe unajua vumbi, Myrtle, hujui tope. Ardhi yote ilikuwa imepigwa mizinga mpaka ikawa uji. Tulipita juu ya mbao zilizolazwa, mmoja nyuma ya mwingine, na mizigo mgongoni, na amri ni moja, usisimame, maana ukisimama mstari wote unasimama na Mjerumani anawaona. Perce alikuwa mbele yangu. Kombora likaanguka kando, ubao ukainuka, akatelezea kwenye shimo. Hakuumia. Alikuwa ananitazama tu, tope limefika hapa." Aliweka mkono kifuani. "Wawili tulimvuta. Kila tukivuta anashuka. Akaniambia, Arch, nina kiu. Amezama kwenye maji, na ana kiu. Nikampa chupa yangu. Nyuma wakapiga kelele, endeleeni, endeleeni. Nikaendelea."

"Na uliporudi?"

"Niliporudi kulikuwa na maji tu."

Mzigo ule wa madebe niliokuwa nikimtania kila Jumamosi, mimi na mdomo wangu. Nililia. Yeye hakulia, alinisogezea kitambaa cha meza.

"Nilimwona yule mama mwezi wa Januari akisukuma toroli kwenda kwenye mti uliokufa," akasema. "Siku ya joto la kuunguza. Anampelekea maji Perce. Sikuweza tena. Nikabadilisha vibao. Haoni, hatajua. Waung'oe huo wenye jina langu, mambo yaishe."

"Mambo gani yaishe?"

"Usimwambie mtu, Myrtle. Niahidi."

Nimeahidi, na hapohapo nikajuta.

Jumapili, 4 Aprili

Pasaka. Arch amempa Norm tandiko lake zuri la farasi. Amesema halitumii. Norm alilipokea bila mzaha wowote, jambo ambalo kwa Norm ni kama ugonjwa. Nje ya kanisa alinivuta kando. "Dada, mwangalie huyo. Nimewaona wengine wakigawa vitu."

Jumamosi, 10 Aprili

Leo Arch amenionyesha jinsi ya kufunga valvu ya tanki, jinsi ya kuondoa panya kwenye mtambo wa upepo unaovuta maji, na mahali anapoficha mafuta ya gurudumu. Nikasema hayo yote unayafanya wewe. Akasema ni vizuri nijue.

Ninaogopa. Naliandika neno hili wazi ili nisijifanye baadaye kwamba sikujua. Ninamwogopea kaka yangu. Miaka saba nimemwita mvivu na mkavu wa moyo.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimevunja ahadi, au karibu. Nilimpelekea Bi Tindale jamu, chupa mbili, ya pili ikiwa ya kuomba msamaha asioujua. Akanikaribisha chai na mkate wa siagi. Nilikuja na maneno tayari, kwamba mti wako umekufa mama, ule unaomwagilia ni wetu, na aliyefanya hivyo ni Arch na anajiua kidogokidogo. Badala yake nikasifu mkate. Nani anamwambia mama kwamba mwanawe amekufa mara ya pili?

Yeye ndiye aliyeanza. "Arch anakula?"

"Kidogo, Bi Tindale."

"Analala?"

"Namsikia akitembea."

Alitikisa kichwa, akapapasa mpaka akaipata birika, akanimiminia chai bila kumwaga tone. "Mwambie aje Alhamisi pale barabarani."

"Alhamisi ndiyo siku ya kung'oa."

"Mwanangu, najua ni siku gani. Mimi ni kipofu nusu, siyo mjinga nusu."

Alhamisi, 22 Aprili

Mawingu tangu asubuhi, ya kwanza mwaka huu, lakini hatuyaamini. Norm alileta farasi wake wawili na mnyororo. Crouch alikuwa amevaa suti. Watu kama kumi na tano wakasimama kando. Arch alikuja, kofia mkononi, uso umetulia kabisa, na utulivu ule ndio ulionitisha. Norm alizungusha mnyororo kwenye shina la mti mkavu.

"Wa Dacey," Crouch akasema. "Inasikitisha. Arch, una neno lolote?"

"Sina. Vuta tu."

"Ngoja," akasema Bi Tindale.

Alikuwa anakuja na toroli lake katikati ya barabara, na debe limejaa. Watu wakampisha. Alilisimamisha mbele ya mti mkavu, akaweka kiganja juu ya kibao, juu ya jina la Arch.

"Mnataka kung'oa mti wa mwanangu," akasema, "na hamna hata adabu ya kuniita."

Crouch akakohoa. "Mama, huu ni wa Dacey. Wa kwako ni ule pale, mzima. Labda macho—"

"Crouch, nimeulea huu miaka minane na nusu. Nimeukata matawi, nimeufunga na soksi zangu wakati wa upepo. Una kovu hapa chini alipoula mbuzi wako, na hukulipa. Mama haoneshwi mtoto wake kwa kibao."

Nilimtazama Arch, alikuwa mweupe kama unga. Bi Tindale hakumtafuta kwa macho, aligeukia tu upande alikosikia pumzi yake.

"Ulivibadilisha siku ya mbio za farasi," akamwambia. "Kesho yake nilishika jina langu kwenye mti ambao si wangu. Nikafikiri, nani amefanya hivi? Nikakumbuka nani ambaye hajawahi kuja hapa."

"Nisamehe, mama," Arch akasema. "Nilitaka ubaki na kitu."

"Nimebaki na kitu. Mwanangu amekufa, Arch. Nilijua tangu telegramu, na mti huu ulikauka mikononi mwangu tangu Desemba, hilo nalo nilijua. Unafikiri nilikuwa nampelekea maji Perce?" Akainua debe kwa mikono miwili, akatembea nalo mpaka mti mzima, mti wa kaka yangu, akalimwaga kwenye mizizi. Maji yakapiga povu kwenye udongo mkavu. "Tangu Februari nilikuwa nakuletea wewe. Mtu anayeweka jina lake kwenye mti mkavu ana nia ya kufa, nikasema huyu naye mbona hana anayemletea maji."

Arch alikaa chini barabarani, palepale kwenye vumbi, akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya Crouch na wote. Bi Tindale akajiinamisha kwa shida, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha pale. Norm alikuwa anafuta pua kwa mkono wa shati. Mimi nilikuwa nimeshika uzio kwa nguvu mpaka kikaniingia kibanzi kidoleni.

Baadaye Arch alichukua bisibisi kwenye gari la Norm akavirudisha vibao, kila kimoja kwa mwenyewe. Hakukubali asaidiwe.

"Sasa ung'oeni," Bi Tindale akasema. "Na kibao kiacheni kwenye uzio."

"Tutapanda mwingine majira ya baridi," Crouch akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mkutano.

"Msipande. Mwanangu hayupo. Acheni pengo, watu waone kwamba hayupo."

Jumapili, 25 Aprili

Siku ya Anzac. Mvua ilianza alfajiri na haijakoma. Paa la ukumbi linavuja. Jenerali alitembea kati ya mialoni akiwa ameloa mpaka kwenye nishani, akasimama kwenye pengo akauliza kwa nini hapa hakuna mti. Crouch akamsomea jina lililo kwenye kibao, hakuongeza neno. Jenerali akavua kofia, akakaa hapo mvuani muda mrefu kuliko alivyokaa penginepo popote. Nimeanza kumpenda Crouch kidogo. Nitajizuia.

Arch aliandamana, mara yake ya kwanza, kando ya Norm. Baada ya maombi watu walijibana barazani kungoja chai, nami nikamtafuta nisimwone. Nikasukumana na watu hadi ukingoni mwa baraza. Halafu nikamwona barabarani, anatoka kwenye bomba la stesheni, mvua ikimpiga usoni, na madebe mawili mikononi, yamejaa. Alipita mbele ya mji mzima wa Murrawee uliokuwa mkavu chini ya paa. Hakuna aliyecheka.

Norm ndiye aliyeshindwa kunyamaza. "Arch, ndugu yangu, umechelewa kidogo na hayo maji."

"Najua," Arch akasema, bila kusimama.

Alikwenda mpaka kwenye mti wake, akaumwagia debe la kwanza, akaumwagia la pili.